Ili kijana ajue anahesabiwa: mwongozo kamili kwa wazazi, walimu na walezi

Muulize kijana wa miaka 14 kama anapendwa, huenda akajibu "ndiyo" bila hata kuinua macho. Sasa muulize hivi: siku usipokuwepo, nani atagundua kwanza, na itamchukua muda gani? Wengi hapo hunyamaza. Wachache hutaja jina moja papo hapo, na uso wao unabadilika wanapolitaja.

Swali hilo la pili ndilo msingi wa mwongozo huu. Kijana anaweza kuwa na chumba chake, vitabu vyake na nguo safi, na bado akajiona mgeni aliyepewa malazi. Anachokosa ni uhakika kwamba kuna mahali ambapo akiondoka anaacha pengo. Uhakika huo hautokani na hotuba. Huja kwa vitendo vidogo vinavyorudiwa na mtu yuleyule, mara nyingi, mpaka kijana anaacha kuvitilia shaka. Na siku atakayofeli mtihani, au marafiki watakapomgeuka, huo ndio utakaomwinua.

Wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakaendelea nao hadi utu uzima. Baadhi yao walikulia kwenye umaskini na ugomvi, au kwa wazazi walevi au wenye ugonjwa wa akili. Takriban thuluthi moja ya hao waliokulia katika hatari nyingi walikuja kuwa watu wazima wenye kujiamini, wanaojimudu na kuwajali wengine. Kilichowabeba kilikuwa cha kawaida mno. Walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika mkono, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Tena wengi walikuwa na kazi fulani ambayo watu wengine waliitegemea kwelikweli. Mtu na kazi: yashike hayo mawili, kwa sababu hatua nyingi zinazofuata zinayazunguka.

Hatua ya 1: Tazama wiki nzima kabla ya kufanya lolote

Chagua kijana mmoja. Hata kama wewe ni mwalimu mwenye darasa lililojaa, anza na mmoja au wawili, hasa wale ambao jina lao huchelewa kukujia. Kwa wiki moja usibadilishe kitu, tazama tu. Huchangamka saa ngapi? Nani humchekesha? Akiingia mahali penye watu hukaa wapi? Ni jambo gani humfanya aongee sentensi tatu mfululizo badala ya "sawa tu"? Kuna siku au somo ambalo huwa anatoweka?

Watu wazima wengi huruka hatua hii kwa kuamini kwamba wanamjua mtoto wao. Unamjua alivyokuwa na miaka 9. Wa sasa ana marafiki usiowafahamu, mwili unaobadilika na aibu mpya kabisa. Halafu ukimya una aina zake. Kijana anayejifungia chumbani akijifunza gitaa na anayejifungia akalala tangu mchana hawana shida moja, na ukiwachukulia sawa utamsumbua wa kwanza na kumpoteza wa pili.

Andika unayoyaona mahali pa siri. Yatakusaidia baadaye, mtu akikuuliza mabadiliko yalianza lini.

Hatua ya 2: Fanya kutokuwepo kwake kuonekane

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na haikugharimu hata dakika tano kwa siku. Msalimie kwa jina anapoingia, mwangalie, kisha taja kitu kimoja kinachoonyesha kwamba unakumbuka maisha yake: "Ule mguu umepona?" "Mlifikia wapi na ile mashine mliyokuwa mnaitengeneza?" Usiongeze swali la masomo wala kumkumbusha kazi aliyoiacha. Salamu inayobeba agizo kwenye mkia wake haihesabiki.

Akikosekana, mwambie alikosekana. Angalia tofauti iliyopo kati ya "Jana ulikuwa wapi?" na "Jana hukuwepo, mazoezi yakapooza kidogo." Ya kwanza inamdai maelezo. Ya pili inampa habari ambayo huenda hajawahi kuisikia, kwamba kuwepo kwake kunabadilisha kitu. Maelezo atayatoa mwenyewe, mara nyingi baada ya dakika chache, kwa kuwa hujayadai.

Ujumbe mfupi wa simu unafaa sana, ilimradi usidai jibu:

"Leo ndiyo siku ya wasilisho lako. Nakuwaza. Usijisumbue kujibu."

"Nimesikia ule wimbo wenu redioni, nikakukumbuka."

Usidharau udogo wake. Mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto, wa San Francisco, alianza utafiti uliohusu watu waliotoka hospitalini kwa sababu ya msongo mkubwa au kutaka kujiua, ambao walikataa kuendelea na matibabu. Walikuwa 843. Baadhi yao walitumiwa barua fupi mara kadhaa kwa mwaka, kwa miaka mitano, zikiwaambia tu kwamba wanatakiwa heri na kwamba wakipenda kuandika, wataandikiwa. Hazikuwadai chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliotumiwa barua walijiua wachache kuliko wasiotumiwa, na tofauti hiyo ilionekana wazi katika miaka miwili ya kwanza. Hao hawakuwa vijana wa shule, na barua si tiba ya kila kitu. Lakini kama mistari michache ya karatasi inaweza kumshika mtu aliye katika hali hiyo, usione haya kumwandikia mpwa wako maneno sita.

Chagua kiwango utakachokimudu. Mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima ni bora kuliko kila siku kwa wiki mbili kisha kimya. Vijana wengi wameshaona watu wazima wanaoanza kwa kishindo halafu wakapotea, na wewe wanakusubiri uchoke, upotee vilevile. Usiwape nafasi ya kusema walijua.

Hatua ya 3: Mpe kazi ambayo isipofanyika, watu wataona

Nyumbani na shuleni vijana hupewa kazi nyingi, ila kazi nyingi kati ya hizo ni za kuelekezwa tu: leta hiki, futa pale. Kazi ninayoisema ina sifa tatu. Ni ya kweli, yaani kuna mtu anayeitegemea. Ni yake, yaani anaamua mwenyewe namna ya kuifanya. Na iko ndani ya uwezo wake, ikiwa na ugumu kidogo wa kumfanya ajivunie.

Kijana anayependa simu anaweza kuwa ndiye mtunzaji wa picha za familia: nani anazo, zimehifadhiwa wapi, zipi zichapishwe. Mwingine ashike ufunguo wa chumba cha vifaa vya michezo. Asiyependa kuonekana mbele ya watu apewe kumfundisha mdogo wake kusoma kila Jumamosi, maana kumsaidia mwingine humtoa mtu kwenye kujifikiria yeye tu, na mtoto mdogo hamchunguzi mtu kama wanavyomchunguza wenzake. Ukishampa, mwachie. Akifanya tofauti na ambavyo ungefanya wewe, meza mate. Akikosea, muulize atafanyaje mara nyingine. Ukiingia nyuma yake kurekebisha kila kitu, umemwambia bila maneno kwamba hakuhitajika.

Kuna mpaka hapa, na ni lazima uulinde. Kazi ya mtu mzima asibebeshwe mtoto. Kumfanya msiri wa madeni yako, msuluhishi wa ugomvi wako na mwenzio, au mlezi mkuu wa wadogo zake hakumjengi, kunamchosha. Dalili rahisi ni hii: baada ya kazi, ana muda na nafasi ya kuwa mtoto?

Hatua ya 4: Ongea naye mikono ikiwa na kazi

"Njoo ukae hapa tuongee" ni maneno yanayofunga vinywa. Kijana husikia kesi. Mazungumzo ya maana huja mkiwa mnatembea, mnafagia, mnatengeneza baiskeli, macho yakiwa kwenye kitu kingine. Chukua mama na mwanawe wa miaka 15 wanaokunja nguo.

"Mama, mtu akitolewa kwenye kundi la simu, anaweza kurudishwa?"

"Anaweza." Mama anampa ncha ya shuka. "Kuna mtu katolewa?"

"Mimi."

"Pole, mwanangu. Lini?"

"Juzi usiku. Wengine wote bado wamo."

"Inauma hiyo."

Wanakunja shuka, wanachukua lingine.

"Unataka tutafute cha kufanya, au nikusikilize tu kwanza?"

"Nisikilize tu."

Tazama aliyoyaacha. Hakunyang'anya simu. Hakusema "hao si marafiki", wala hakuanza habari za enzi zake. Hakukimbilia kuwapigia wazazi wa wale wengine. Na lile swali la mwisho ni la thamani kubwa, kwa sababu linamrudishia kijana usukani katika jambo ambalo ameporwa. Ukijifunza sentensi moja tu katika mwongozo huu, iwe hiyo.

Wala usiseme ni mambo ya kitoto. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mchezo mdogo wa kompyuta wa kurushiana kisahani kwenye intaneti. Waliotengwa na wachezaji wasiowafahamu kabisa, katika mchezo usio na faida yoyote, walijisikia vibaya zaidi kuliko waliorushiwa. Kama kubaguliwa na watu usiowajua kunauma hivyo, fikiria kutolewa na watu unaokutana nao kesho asubuhi.

Jambo la siri lifafanue mapema, kabla hujaambiwa kitu: "Unayoniambia yanabaki kwangu, ila nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, nitatafuta msaada, na nitakwambia kabla." Ahadi ya kutunza kila kitu usiitoe, kwa sababu hutaweza kuitimiza siku itakapohitajika zaidi.

Hatua ya 5: Kaa karibu, ila usimfanyie

Ustahimilivu haukui bila ugumu. Unakua pale ugumu unapolingana na nguvu, na mtu yupo karibu. Kijana akija na tatizo, fuata mpangilio huu na usiruke daraja. Kwanza muulize: "Umeshajaribu nini?" Kisha: "Hatua inayofuata unaionaje?" Akikwama, toa njia mbili au tatu achague. Akiogopa, fanyeni sehemu ya kwanza pamoja. Kumfanyia kabisa ni kwa ajili ya hatari na kwa mambo yaliyomzidi umri.

Tuseme anaamini mwalimu kamwekea alama kimakosa. Mzazi mwenye hasira atafika shuleni kesho. Mzazi mwenye subira atasema, "Hebu jifanye mimi ndiye mwalimu. Utaanzaje?" Wafanye mazoezi mara mbili, acheke kidogo, arekebishe maneno yake. Kesho aende mwenyewe. Alama ikibaki ileile, bado amerudi na kitu ambacho usingeweza kumpa: amesimama mbele ya mtu anayemwogopa, akasema, na hakuvunjika.

Ukosoaji nao una namna yake. Mwaka 2014 David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa darasa la saba nchini Marekani. Insha zilirudishwa zikiwa na masahihisho ya walimu. Baadhi zilibandikwa kikaratasi chenye ujumbe kwamba mwalimu ameandika maoni hayo kwa sababu ana matarajio makubwa na anajua mwanafunzi anaweza kuyafikia. Nyingine zilisema tu kwamba hayo ni maoni. Miongoni mwa wanafunzi weusi, walioamua kuiandika upya insha yao walikuwa asilimia 17 kwa waliopata kikaratasi cha kawaida, na asilimia 72 kwa waliopata kile cha matarajio makubwa. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo nisingezishika tarakimu zenyewe kama sheria. Lakini maana yake naiamini: kijana akishuku kwamba unamdharau, kila kalamu nyekundu inathibitisha shaka yake. Mwondolee shaka kwanza, kisha msahihishe bila kumpunguzia. Pongezi za jumla, "wewe hodari sana", ziweke kando. Taja alichofanya: "Ulipokwama kwenye swali la nne ulirudi ukachora mchoro. Hapo ndipo ulipofunguka."

Hatua ya 6: Akikosea, mlango usitikisike

Vijana watakosea, wengine vibaya. Adhabu au matokeo ya kosa yawepo, yawe na mwisho unaojulikana, na yahusiane na kosa lenyewe. Aliyevunja atengeneze au achangie kutengeneza. Aliyetukana arudi kuomba radhi. Kinachobomoa ni kutishia nafasi yake: "Toka kwangu." "Sina mtoto kama wewe." Kumnunia siku tano ni maneno hayohayo yaliyosemwa kwa ukimya. Kijana aliyewahi kuhamishwa nyumba kwa nyumba, au aliyefiwa, hayasikii kama hasira inayopita. Anaanza kufunga mzigo moyoni.

Sema wazi mambo mawili pamoja: "Nimekasirika, na simu nakaa nayo mpaka Ijumaa. Jioni ile kazi yetu iko palepale." Na kweli jioni ukafanye naye ile kazi. Ukiwa wewe ndiye uliyepaza sauti au kumwaibisha mbele ya watu, mwombe radhi, kwa kifupi, bila kuongeza "lakini na wewe". Wazazi wengine huona hilo linawashusha. Mimi naona ndipo kijana anapojifunza kwamba uhusiano unaweza kuchanika na kushonwa.

Hatua ya 7: Mtafutie mwenzake mmoja

Upendo wa watu wazima hautoshi katika umri huu, na ni haki yao kutaka wa rika lao. Usilenge kumfanya maarufu. Rafiki mmoja anatosha kuanzia. Urafiki huota kwenye shughuli inayorudiwa: timu, kwaya, klabu, kazi ya kujitolea, mahali ambapo wanakutana na sura zilezile kila wiki na kuna jambo la kufanya mikono ikishughulika. Mwache achague kati ya mbili tatu, na mkubaliane atajaribu kwa majuma kadhaa kabla ya kuamua kuacha, kwa sababu siku ya kwanza huwa mbaya kwa kila mtu.

Mwalimu ana uwezo mkubwa hapa. Usiache manahodha wachague wachezaji mmoja mmoja mbele ya wote mpaka abaki yule wa mwisho. Panga timu mwenyewe. Kazi za vikundi zigawe, na kila mmoja awe na sehemu ambayo kikundi hakiwezi kumaliza bila yeye. Mgeni akija katikati ya mwaka, mpe mwenyeji wa wiki ya kwanza, mtu wa kukaa naye wakati wa mapumziko.

Marafiki wa mtandaoni nao ni marafiki. Waulizie kwa majina, kama unavyowaulizia wa darasani. Ukiwadhihaki utakuwa wa mwisho kujua siku mmoja wao atakapoanza kumwomba picha au kumtaka wakutane kwa siri.

Kuhusu mwili, kwa kifupi: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na balehe yenyewe husogeza usingizi wake uje usiku zaidi. Mengi tunayoyaita ukaidi wa asubuhi ni uchovu. Mazungumzo mazito usiyafungue saa hiyo.

Pale vitendo vidogo visipotosha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Salamu na kazi haziondoi sonona. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi ameacha aliyoyapenda, usingizi au ulaji umegeuka, amejitenga na kila mtu, au hata mara moja tu anajiumiza, anagawa vitu vyake vya thamani, au anasema mambo kama "bila mimi mngepumzika", muulize moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa ruhusa ya kuacha kulibeba peke yake.

Akijibu ndiyo, usimhubirie wala usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa, sumu, silaha na kitu chochote alichokitaja. Siku hiyohiyo mfikishe kwa mhudumu wa afya, au piga simu ya dharura ya mahali ulipo. Akikueleza kwamba kuna mtu anayemdhuru au kumnajisi, mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimhoji mara kumi, usimwendee mtuhumiwa mwenyewe, na peleka taarifa kwa wenye dhamana ya ulinzi wa watoto. Huduma ikishaanza, endelea na salamu zako zilezile. Wakati huo ndio wengi hujitenga wakidhani kazi sasa ni ya wataalamu.

Ukilazimika kuondoka

Walimu huhamishwa, makocha huacha, mashangazi husafiri. Kijana aliyekuegemea asije akakuta kiti kitupu. Mwambie mapema, kwa sababu halisi, na umwambie wazi kwamba huondoki kwa kosa lake. Mtambulishe kwa mtu mwingine ungali upo, mfanye angalau shughuli moja watatu kwa pamoja, na umweleze huyo mwenzako yale yaliyo muhimu ambayo kijana ameridhia yasemwe. Kisha mpe ahadi moja ndogo yenye tarehe, kama ujumbe siku ya matokeo yake, uiandike kwenye kalenda yako kabla hamjaachana.